Kuingiza Maandishi Katika Kisanduku cha Kuandikia: Somo kwa Mtumiaji wa Simu na Kompyuta



Katika mji wa Tunduma, mnunuzi wa mchele hulipa kwa simu, dereva wa lori hutumiwa posho kwa simu, na mzazi aliyeko Vwawa humtumia mwanawe ada kwa simu hiyo hiyo. Miamala yote hii, mikubwa kwa midogo, hupita mahali pamoja: kisanduku cha kuandikia. Hapo ndipo namba ya mpokeaji huandikwa, hapo ndipo kiasi cha fedha huandikwa, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa.

Somo hili linaeleza jinsi maandishi yanavyoingia katika kisanduku hicho, kwa nini wakati mwingine yanaingia visivyo, na hatua zinazompasa mtumiaji kabla ya kuthibitisha alichoandika. Mwishoni mwa somo yapo mazoezi mafupi pamoja na majibu yake.

1. Kisanduku cha kuandikia ni nini?

Kisanduku cha kuandikia ni nafasi iliyotengwa juu ya kioo cha simu au kompyuta ili mtumiaji aweke maandishi au tarakimu. Ukikigusa, hutokea kijistari cha wima kinachopepesa. Kijistari hicho huitwa kishale. Kazi yake ni kuonyesha mahali ambapo herufi itakayofuata itaingia.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: herufi huingia pale kilipo kishale, na si lazima iwe mwishoni mwa yale yaliyokwisha kuandikwa. Kishale kikiwa mwanzoni, maandishi mapya yatatangulia ya zamani. Kikiwa katikati, yataingia katikati. Kisanduku hakijui ulichokusudia. Kinapokea ulichoandika, mahali ulipokiandika.

Jambo la pili ni kutofautisha maandishi halisi na maandishi kivuli. Maandishi kivuli ni maneno hafifu yanayoonekana ndani ya kisanduku kitupu, kwa mfano "Andika namba ya simu", nayo hutoweka mara uanzapo kuandika. Maandishi halisi hayatoweki mpaka yafutwe. Mtu akidhani kwamba maandishi halisi ni kivuli, ataandika juu yake bila kufuta, na vyote viwili vitaungana.

2. Mfano wa sifuri moja

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara anayetaka kumlipa kijana wa mkokoteni shilingi 20,000. Anafungua programu katika simu yake. Kisanduku cha kiasi kinaonyesha tarakimu 0. Mama anaidhani sifuri hiyo ni kivuli, kumbe ni tarakimu halisi iliyowekwa na programu. Kidole chake kinagusa upande wa kushoto wa sifuri, naye anaandika 20000. Kisanduku sasa kinasomeka 200000.

Sifuri ile ya zamani imesukumwa nyuma, na shilingi elfu ishirini zimegeuka laki mbili. Ikiwa mama ana haraka, na ikiwa salio lake linatosha, programu haitakuwa na sababu ya kumzuia. Kwa macho ya programu, laki mbili ni kiasi halali kama elfu ishirini.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kuandika kiasi, futa kila kilichomo kisandukuni. Baada ya kuandika, soma kiasi kwa sauti ya chini, kwa maneno: "elfu ishirini", si "mbili sifuri sifuri". Anayesoma kwa maneno hugundua sifuri iliyozidi upesi kuliko anayehesabu kwa macho.

Aidha, andika kiasi kwa tarakimu tupu, bila mkato wala nukta, isipokuwa pale programu inapoelekeza vinginevyo. Ziko programu zinazoichukulia nukta kuwa mwanzo wa senti; mtu akiandika 50.000 akikusudia elfu hamsini, zitasoma hamsini.

3. Nyuma ya kioo: programu huingizaje maandishi?

Visanduku, vitufe na madirisha tunayoyaona hutengenezwa kwa zana maalumu zinazotumiwa na waandishi wa programu. Mojawapo ya zana za siku nyingi ni Tk, iliyoanzishwa na John Ousterhout alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Zana hiyo hutumika hadi leo, hasa na wanaoandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python.

Katika Tk, kisanduku cha kuandikia kina amri ya kuingiza maandishi, iitwayo insert. Amri hii hudai mambo mawili: mahali pa kuingiza, na maandishi yenyewe. Mahali huhesabiwa kuanzia 0, yaani kabla ya herufi ya kwanza. Ipo pia amri nyingine ya kufuta, iitwayo delete, ambayo huambiwa ifute kutoka wapi hadi wapi.

La muhimu kwa mtumiaji ni kwamba amri ya kuingiza haifuti kitu. Mwandishi wa programu anayetaka kisanduku kionyeshe namba mpya hana budi kuamuru kwanza yaliyomo yafutwe yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo aingize mapya. Akisahau hatua ya kwanza, namba ya mteja wa sasa itaungana na namba ya mteja aliyetangulia. Ndiyo maana, katika duka au ofisi, huweza kutokea stakabadhi yenye namba ndefu isiyo ya mtu yeyote.

Ziko pia hali ambazo kisanduku hufungwa kisiandikike, na mara nyingi rangi yake huwa ya kijivu. Kisanduku cha namna hiyo si kibovu. Huenda kuna sehemu nyingine inayopaswa kujazwa kwanza, au taarifa iliyomo imetoka katika kumbukumbu za taasisi na haibadilishwi na mteja. Kama taarifa hiyo si sahihi, usihangaike na kioo. Omba taasisi husika iirekebishe.

Kwa hiyo kanuni ya mwandishi wa programu na kanuni ya mtumiaji ni moja: futa kwanza, ingiza baadaye, hakiki mwishoni.

4. Namba za mpakani

Mkazi wa Tunduma ana sababu ya pekee ya kuwa mwangalifu. Hatua chache kutoka sokoni ipo Nakonde, upande wa Zambia, na mtu mmoja huweza kuwa na wateja, ndugu na wadeni pande zote mbili. Namba ya utambulisho wa nchi kwa Tanzania ni 255, na kwa Zambia ni 260. Baada ya namba ya nchi, namba ya simu ya mkononi katika nchi zote mbili ina tarakimu tisa. Ikiandikwa kwa matumizi ya ndani ya nchi, hutanguliwa na 0 na kuwa na tarakimu kumi.

Watu wengi hudhani kwamba namba ya Zambia itajulikana mara moja kwa kuwa huanza na 09. Dhana hiyo haitoshi. Zambia inazo pia namba zinazoanza na 075, 076 na 077, na vianzio hivyo hivyo vinatumika Tanzania. Maana yake ni kwamba tarakimu kumi zile zile huweza kuwa za mtu mmoja Nakonde na za mtu mwingine kabisa Mwanza au Unguja. Ukiandikiwa namba kwenye kipande cha karatasi bila namba ya nchi, huwezi kujua kwa kuitazama tu kwamba ni ya nani.

Mazungumzo yafuatayo kati ya wakala na mteja wake yanaonyesha njia iliyo salama:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitumie elfu themanini kwenye namba hii."

"Mama, mwenye namba hii yuko Tunduma au ng'ambo?"

"Yuko Nakonde, ila husema ana laini ya huku pia."

"Basi tumpigie kwanza, mama, atutajie namba ya laini ya huku. Hii uliyoniletea ikiwa ni ya ng'ambo, hapa fedha zitakwenda kwa mtu mwingine."

Wakala huyu ametumia dakika moja na amelinda shilingi 80,000.

Zingatia pia visanduku vinavyoonyesha +255 tangu mwanzo. Katika kisanduku cha namna hiyo, sifuri ya mwanzo huachwa, kwa kuwa namba ya nchi imechukua nafasi yake. Ukiiandika, programu itakataa, au itapokea namba yenye tarakimu iliyozidi.

5. Namba ndefu na idadi ya tarakimu zake

Si kila namba ni ya simu. Zipo namba nyingine ambazo mwananchi hutakiwa kuzijaza mara kwa mara, na kila moja ina urefu wake. Anayejua urefu huo anaweza kujihakiki mwenyewe:

– Namba ya Kitambulisho cha Taifa (NIDA) ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, kisha siku.
– Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) ina tarakimu 9.
– Kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, ambayo wengi huiita kontroo namba, ina tarakimu 12.
– Namba ya mita ya LUKU ina tarakimu 11, na namba ya umeme uliolipiwa, inayoingizwa kwenye mita, ina tarakimu 20.

Andika namba ndefu kwa mafungu ya tarakimu nne nne, kwa kutulia, kisha linganisha fungu kwa fungu na asili yake. Usiandike huku ukisomewa namba nzima kwa pumzi moja. Kumbuka pia kwamba herufi O na tarakimu 0 hufanana machoni lakini kwa kompyuta ni vitu viwili; hali kadhalika herufi I na tarakimu 1.

6. Kunakili na kubandika

Njia salama zaidi ya kuhamisha namba ndefu kutoka kwenye ujumbe mfupi ni kuinakili na kuibandika, kwa kuwa hupunguza makosa ya vidole. Hata hivyo, njia hii ina mitego yake:

Kwanza, kubandika ni kuingiza. Kama kisanduku kina maandishi ya zamani, yaliyobandikwa yataungana nayo, isipokuwa kama umeyachagua yote kwanza, na hapo mapya huchukua nafasi ya yale yaliyochaguliwa.

Pili, nafasi tupu ni herufi pia. Ukinakili namba pamoja na nafasi iliyo mbele au nyuma yake, huenda programu ikaikataa, nawe usione kosa lolote machoni. Vivyo hivyo, kibodi ya simu inayopendekeza maneno mara nyingi huongeza nafasi baada ya neno. Ukiona jina lako la kuingilia linakataliwa ingawa unaliona sahihi, peleka kishale mwisho kabisa na ubonyeze kufuta mara moja.

Tatu, simu hubandika kile kilichonakiliwa mwisho. Ukinakili namba ya mwenye duka, kisha ukanakili kitu kingine, cha kwanza huwa kimeondoka. Soma tarakimu tatu za mwanzo na tatu za mwisho kila baada ya kubandika.

Kwa mwenye simu ya vitufe, kanuni ni zile zile. Kitufe cha kufuta huondoa herufi iliyo kabla ya kishale; ukikibonyeza kwa muda, simu nyingi hufuta maandishi yote. Menyu za huduma za fedha hufungwa zenyewe mtumiaji akichelewa kujibu. Menyu ikifungwa, usirudie muamala mpaka uangalie salio, usije ukatuma mara mbili.

7. Majedwali ya ofisini: tahadhari kwa makarani na wakulima

Katika Wilaya ya Mbozi, wakulima wa kahawa huuza mazao yao kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na taarifa za wanachama huweza kuwekwa katika jedwali la kompyuta, kwa mfano Excel. Kila chumba cha jedwali ni kisanduku cha kuandikia, lakini kina tabia yake: kikiona tarakimu tupu, hukichukulia kilichoandikwa kuwa hesabu.

Matokeo yake ni mawili. Sifuri ya mwanzo wa namba ya simu hufutika, kwa kuwa katika hesabu sifuri ya mwanzo haina thamani. Na namba ya NIDA huharibika kabisa: Excel huhifadhi tarakimu 15 za kwanza tu za namba, na zote zinazofuata huzigeuza sifuri. Tarakimu tano za mwisho za mkulima hupotea, na kubadilisha mpangilio wa chumba baadaye hakuzirudishi.

Mkulima ambaye namba yake imeishia na sifuri tano asizozijua anaweza kuhesabiwa kuwa hayumo, wakati kahawa yake imepimwa na kupokelewa. Karani anapaswa kuutangaza mpangilio wa safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuanza kujaza, au kutanguliza alama ya kipindo (') mbele ya namba. Mwanachama naye ana haki ya kuomba aonyeshwe taarifa zake zilivyoandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu ziwe sahihi, na inampa mhusika nafasi ya kudai zirekebishwe.

8. Visanduku ambavyo havistahili kujazwa

Hadi hapa tumezungumzia namna ya kujaza. Sasa tuseme wakati wa kutojaza.

Kisanduku chochote kinaweza kutengenezwa na mtu yeyote. Tapeli anaweza kutengeneza ukurasa wenye rangi za benki au kampuni ya simu, akaweka kisanduku cha namba ya siri, kisha akakutumia kiungo kwa ujumbe mfupi. Kila utakachoandika humo kitamfikia yeye. Nyota au vidoa vinavyoficha namba ya siri kioo chako kikiwa mbele ya watu havimfichi aliyetengeneza kisanduku.

Kwa hiyo:

– Namba ya siri huandikwa katika menyu au programu uliyoifungua mwenyewe, kamwe si katika ukurasa uliofunguliwa kwa kiungo cha mtu usiyemjua.
– Namba ya uthibitisho inayotumwa kwako kwa ujumbe mfupi ni ya kwako peke yako. Hakuna mtumishi halali wa benki au wa kampuni ya simu atakayekuomba umtajie.
– Ujumbe unaodai kwamba fedha zimetumwa kwako kimakosa, na kukutaka uzirudishe kwa namba fulani, usiufuate. Angalia salio lako kwanza, kisha wasiliana na mtoa huduma wako.
– Usimpe wakala wala rafiki simu yako akujazie namba ya siri. Akujazie mengine ukiona. Hiyo ijaze mwenyewe.

Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe kwenda namba 15040. Kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

9. Ukikosea, fanya nini?

Kosa likitokea, muda ni mali. Fedha ambazo mpokeaji hajazitoa ni rahisi kuzuiwa kuliko zile alizokwisha kuzitoa. Fuata hatua hizi:

(a) Usifute ujumbe wa muamala. Una kumbukumbu namba ya muamala, kiasi, saa na jina la aliyepokea.
(b) Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, namba 100, mara moja, na ueleze kosa. Taja kumbukumbu namba ya muamala. Namba ya siri usiitaje.
(c) Usimtishe mpokeaji wala usikubaliane naye kugawana fedha.
(d) Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma, peleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ukiambatisha kumbukumbu za mawasiliano yenu. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Hivyo tunza ushahidi kwamba ulianzia huko.

10. Mazoezi

Swali la 1. Kisanduku kinaonyesha +255. Namba uliyopewa inaanza na 0. Utaandika nini?

Swali la 2. Unatakiwa kutuma shilingi 35,000. Kisanduku kilikuwa na 0. Baada ya kuandika, kinasomeka 350000. Kosa limetokana na nini?

Swali la 3. Umeandika kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, nayo ina tarakimu 11. Je, uendelee?

Swali la 4. Mteja wa Nakonde amekupa namba inayoanza na 077, bila namba ya nchi. Utafanyaje?

Majibu. (1) Tarakimu tisa zinazofuata sifuri; sifuri yenyewe iachwe. (2) Kishale kilikuwa mbele ya sifuri ya zamani, ambayo haikufutwa, ikabaki mwishoni. (3) Hapana, imepungua tarakimu moja, irudiwe kutoka kwenye ankara. (4) Mpigie umuulize laini ni ya nchi gani, na umtake aitaje namba pamoja na namba ya nchi, kabla ya kuandika chochote.

Hitimisho

Kisanduku cha kuandikia ni mtumishi mtiifu: hupokea anachopewa wala haulizi. Kuuliza ni kazi ya mtumiaji. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha au kuandika namba ya siri, programu nyingi huonyesha jina la mpokeaji na kiasi. Simama hapo. Soma jina. Soma kiasi kwa maneno. Jina likiwa geni, rudi nyuma. Kurudi nyuma hakuna gharama.

Msomee somo hili na jirani asiyejua kusoma, na umfundishe mwanao anayekutumia pesa kwa simu yako. Haraka haraka haina baraka, na katika jambo la fedha, baraka hiyo huhesabiwa kwa shilingi.